Daftari la Makosa: Njia ya Kumwinua Mtoto katika Hisabati ya Darasa la Saba

Mwezi wa tano mwaka jana jirani yangu aligonga mlango jioni, mkononi ameshika karatasi ya mtihani wa ujirani mwema wa binti yake aliyekuwa darasa la saba. Hisabati: alama 17 kati ya 50. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani la Tanzania hiyo ni D, maana C huanzia 21. Baba wa watu alikuwa amekwisha nunua vitabu viwili vya mitihani iliyopita, na sasa alitaka nimwelekeze duka la kununua cha tatu. Nilimwomba aniachie ile karatasi kwa usiku mmoja.

Kwa kuitazama juu juu, makosa yalikuwa ya kila namna: riba, eneo la mstatili, wastani, asilimia, uwiano. Lakini nilipofuata kila jibu nyuma hadi mahali lilipopindia, karibu yote yaliishia sehemu mbili tu. Binti hakujua kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti, na jedwali la kuzidisha la 6, la 7 na la 8 lilikuwa halijakaa kichwani. Riba alikuwa anaielewa. Kanuni ya eneo la mstatili aliiandika vizuri kabisa, kisha akaandika kwamba 7 × 8 ni 54. Mapengo yake yalikuwa mawili, yote ya madarasa aliyokwisha yapita, na vile vitabu vya mitihani vilikuwa vinampa nafasi ya kukosea mambo yale yale kila siku.

Nimefundisha Hisabati madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kumwambia mzazi jambo moja tu, ningemwambia hili: soma makosa ya mwanao kabla ya kumpa maswali mapya. Kila kosa lina chimbuko. Ukilipata chimbuko, alama hupanda kwa kazi ndogo kuliko unavyodhani. Usipolipata, mtoto atafanya maswali mia tano na kubaki alipo, huku akizidi kuamini kwamba hana akili ya hesabu.

Shida hii si ya mtoto mmoja. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa mwaka 2013, watahiniwa waliofaulu kwa ujumla walikuwa asilimia 50.61. Kiswahili walifaulu asilimia 69.06. Hisabati ilikuwa ya mwisho, asilimia 28.62. Tangu hapo ufaulu wa jumla umepanda sana, mwaka 2023 ulifika asilimia 80.58, lakini Hisabati bado ni miongoni mwa masomo yanayowaliza watoto. Na mzizi wake ulionekana zamani. Kuanzia mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima watoto wanajua nini, walipopita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto maswali mepesi ya kiwango cha darasa la pili, walikuta watoto wengi wa darasa la tatu, na hata wa madarasa ya juu zaidi, hawayawezi. Mtoto wa namna hiyo akifika darasa la saba anajengewa ghorofa juu ya msingi uliokatika.

Basi tuanze kazi.

Kusanya karatasi zilizosahihishwa. Mitihani ya mwezi, ya ujirani mwema, ya utimilifu, hata madaftari ya mazoezi. Usikusanye alama, kusanya makosa. Kaa na mtoto mahali patulivu, chukua swali moja alilokosa, umwambie: "Hebu nieleze ulivyofikiri hapa." Kisha nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu kwetu wazazi. Tunataka kurukia kusahihisha, au mbaya zaidi, kugomba. Mtoto aliyezoea kupigwa au kuchekwa kwa jibu baya hujifunza kuficha: anafuta, ananakili kwa jirani, anaacha wazi. Akificha, huna tena pa kuanzia. Nakuomba mzazi, na nakuomba mwalimu mwenzangu, fimbo isikaribie daftari la hesabu.

Akishaeleza, weka kosa lile katika moja ya mafungu matatu. La kwanza ni kuteleza: alijua, ila mkono ulikosea au alinakili namba vibaya. La pili ni pengo: kuna kitu hajui au anakijua kwa kupinda. La tatu ni kutoelewa swali: hesabu aliyofanya ni sahihi, lakini siyo iliyoulizwa. Wazazi wengi hudhani watoto wao wanateleza tu, "hayuko makini huyu". Nimekaa na watoto wengi, na katika uzoefu wangu kuteleza ni fungu dogo. Mengi ni mapengo, na mengine mengi ni lugha.

Sasa mnunulie daftari moja jipya, liitwe daftari la makosa. Kila ukurasa una swali moja: swali lenyewe, jibu alilotoa, alivyofikiri kwa maneno yake mwenyewe, njia sahihi, na chini kabisa tarehe ya kulirudia. Alirudie swali lile baada ya siku tatu bila kuangalia, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Akilipata mara tatu, apige mstari na kulisahau. Daftari liwe mali yake, wala asilisahihishe mtu kwa kalamu nyekundu.

Ukianza kusoma makosa utagundua kwamba yanafanana mtaa mzima. Nitataja yale ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, pamoja na dawa yake.

Mpe mtoto 402 − 187. Jibu ni 215. Akikuandikia 385, usiseme hajui kutoa. Amefanya kazi kwa utaratibu wake: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 7 toa 2, 8 toa 0, 4 toa 1. Hajaelewa kukopa, na hajaelewa kukopa kwa sababu hajaelewa thamani ya nafasi, kwamba ile 4 ni mamia manne. Mchukulie noti na sarafu, au vijiti vilivyofungwa mafungu ya kumi kumi na ya mia mia, avunje fungu la mia kuwa makumi, avunje kumi moja kuwa mamoja, ndipo atoe. Jioni mbili zinatosha kama atashika kwa mkono wake. Kuandika tu ubaoni hakutoshi.

Mpe 618 ÷ 6. Wengi watakuandikia 13 badala ya 103. Sifuri ya katikati imepotea. Dawa ni kumfundisha kurudisha: 13 mara 6 ni 78, je, inakaribia 618? Mpe pia 48 × 21, na akikuletea 144, amezidisha kwa 2 pale alipotakiwa kuzidisha kwa 20. Hapa mfundishe kukadiria kabla ya kufanya. 48 ni karibu 50, 21 ni karibu 20, kwa hiyo jibu liwe karibu na 1,000. Jibu sahihi ni 1,008, na 144 halifanani nalo hata kwa mbali. Tabia hii ya kukadiria huchukua sekunde chache, na kwa maoni yangu ndiyo silaha kubwa kuliko zote katika chumba cha mtihani, maana kikokotoo hakiruhusiwi na mtoto hana mtu wa kumuuliza.

Sehemu ndizo zinazoangusha wengi. Mtoto akiandika kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kabla ya kumkimbiza kwenye kigawe kidogo cha shirika (KDS), muulize swali moja: mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Inawezekanaje uwe na nusu ya chapati, uongezewe kipande kingine, ubakiwe na chini ya nusu? Mwache ashangae. Kisha kateni chapati ya kweli vipande sita: nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano vya sita. Mtoto aliyekata chapati anajua kwa nini tunatafuta asili ya shirika, na KDS inakuwa jina la kitu alichokwisha kifanya kwa kisu.

Desimali nazo. Watoto wengi husema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 4. Pesa yetu haimsaidii hapa, kwa kuwa senti hazipo tena mikononi. Tumia tepu ya fundi cherehani: meta 0.4 ni sentimeta 40, meta 0.35 ni sentimeta 35. Aweke kidole kwenye tepu. Baada ya hapo mwambie aandike 0.40 chini ya 0.35, nukta chini ya nukta, na atalinganisha mwenyewe.

Mzingo na eneo huchanganywa hata na watoto wazuri. Mimi hutoka nao uani. Mzingo ni uzio, eneo ni ufagio: ukizungushia bustani ya meta 12 kwa meta 8 unahitaji uzio wa meta 40, ukiifagia yote umefagia meta za mraba 96. Nimewahi kukutana barabarani na kijana niliyemfundisha miaka mingi nyuma, sasa ni fundi ujenzi, akanisalimia kwa maneno hayo: "Shikamoo mwalimu, uzio na ufagio."

Kuna kosa lingine ambalo linatoka kwetu walimu, na ni vizuri tuliseme. Tunawafundisha MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri na limeokoa wengi. Lakini mpe mtoto 10 − 4 + 3. Aliyeshika neno bila maana ataona jumlisha inatangulia, atajumlisha 4 na 3 kupata 7, kisha 10 toa 7, jibu 3. Jibu sahihi ni 9. Mfundishe kwamba alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba hiyo na haiachi. 4 ina alama ya kutoa, 3 ina alama ya kujumlisha. Jumlisha 10 na 3 upate 13, kisha toa 4. Au aende tu kutoka kushoto kwenda kulia, maana kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja.

Sasa jedwali la kuzidisha. Mtoto anayesimama katikati ya swali la riba kutafuta 6 × 8 kwa vidole, akirudi huwa amesahau alikuwa anatafuta nini. Hapo kinachokosekana ni nafasi kichwani, wala si uelewa. Lakini kuimba jedwali peke yake nako kuna kasoro: mtoto aliyejifunza kwa wimbo akiulizwa 7 × 8 huanza saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, mpaka afike. Fanya hivi. Kutoka 1 hadi 10, ondoa jedwali la 1, la 2, la 5 na la 10, ambayo karibu kila mtoto anayajua. Kisha kumbuka kwamba 6 × 7 na 7 × 6 ni kitu kimoja. Yanabaki mambo 21 tu ya kukariri, kuanzia 3 × 3 hadi 9 × 9. Ishirini na moja! Mtoto akisikia hivyo uso wake hubadilika. Andika kila moja kwenye kikaratasi, jibu nyuma. Siku moja vitatu vipya, pamoja na vya siku zilizopita vilivyochanganywa. Muulize akiosha vyombo, mkiwa kwenye daladala, mkisubiri maji yajae kwenye ndoo. Na muulize kwa kurudi nyuma pia: 56 ni ngapi mara ngapi? Swali hilo ndilo mlango wa kugawanya na wa kurahisisha sehemu. Wiki tatu zinatosha kwa mtoto wa kawaida, wengine mwezi.

Niingie kwenye mafumbo, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili na hisabati zinapokutana, na wengi hudhani kwamba mtoto anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa hana shida nacho kwenye karatasi ya mtihani. Anayo.

Tazama fumbo hili: Juma ana machungwa 24, ambayo ni pungufu kwa 6 kuliko ya Asha. Asha ana mangapi? Mtoto anaona "pungufu", anatoa, anaandika 18. Asha ana 30. Tuliwafundisha kuwinda maneno: ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "pungufu" toa, ukiona "kila" zidisha. Uwindaji huo unafaa darasa la pili. Darasa la saba watungaji wa mitihani wanaujua, na swali linapindwa kidogo tu, mwindaji ameshanaswa. Badala yake mtoto ajiulize: nani ana nyingi zaidi? Achore mistari miwili, mfupi wa Juma, mrefu wa Asha, aweke 6 pale ulipozidi. Mchoro wa sekunde kumi huonyesha njia.

Kuna viungo vidogo vinavyobeba swali zima. "Bei imepanda kwa shilingi 400" na "bei imepanda hadi shilingi 3,200" ni hesabu mbili tofauti. Ya kwanza inakupa nyongeza, ya pili inakupa bei mpya. "Imepunguzwa kwa asilimia 15" na "imebaki asilimia 15" hazikaribiani. Chukua shati la shilingi 20,000 lililopunguzwa bei kwa asilimia 15. Punguzo ni 3,000, bei mpya ni 17,000. Kati ya majibu ya kuchagua, 3,000 haikosi, imekaa pale inamngoja mtoto aliyefanya hesabu vizuri na kusahau alichoulizwa. Mazoezi yake ni mepesi: baada ya kusoma fumbo, kabla ya kugusa namba, mtoto amalizie sentensi hii kwa mdomo: "Ninatafuta..." Bei mpya? Punguzo? Faida? Akishindwa kuimalizia, hajaelewa swali, alisome tena.

Hata kuandika namba kuna mtego wa lugha. Elfu arobaini na tano ni 45,000, lakini arobaini elfu na tano ni 40,005. Nafasi ya neno "elfu" inabadilisha yote. Mtoto achore nguzo za makumi elfu, elfu, mamia, makumi na mamoja, kisha ajaze.

Na saa! Sisi tunahesabu saa kutoka macheo, saa ya mtindo wa saa 24 inahesabu kutoka usiku wa manane. Swali la basi lililoondoka Dodoma saa 3:15 usiku linawachanganya watoto kwa sababu hatukuwapa utaratibu. Utaratibu ni huu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 2:30 asubuhi ni 0830, saa 11 jioni ni 1700. Kuanzia saa 1 usiku hadi kabla ya saa 6 usiku, ongeza 18: saa 3:15 usiku ni 2115. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri, toa 6: saa 8:00 usiku ni 0200, saa 11 alfajiri ni 0500. Aandike mistari hiyo mitatu nyuma ya daftari, na kwa wiki moja kila akiulizwa saa nyumbani aijibu kwa mitindo yote miwili. Mwishoni hataihitaji mistari.

Kwa wenye watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ambao mtihani wao nao huja kwa Kiingereza, mambo haya hayabadiliki. Ila mweleze mtoto kwa lugha anayofikiria. Akielewa theluthi kwa chapati, atajua kuitaja kwa lugha yoyote mwalimu wake anayotumia.

Ratiba isiwe ya kumkomoa. Dakika 40 kwa siku, siku tano za wiki, zinazidi kwa faida tuisheni ya saa nne Jumamosi ambayo mtoto anatoka nayo kichwa kikiuma. Dakika 10 za vikaratasi na kukadiria, 20 za pengo moja tu la wiki hiyo, 10 za kurudia daftari la makosa. Pengo moja kwa wiki. Ukitaka kuziba matano kwa mkupuo, hakuna litakalozibika. Na anza na pengo la chini kabisa hata kama mtoto ataona aibu kufanya hesabu za darasa la nne. Mwambie ukweli kwamba yeye anarudi kuchukua kitu alichoangusha njiani.

Mitihani iliyopita ina wakati wake, na wakati huo huja mapengo makubwa yakishazibwa. Mmoja kila wiki mbili, kwa muda ule ule ulioandikwa juu ya karatasi, mezani, bila simu, bila kuuliza. Kisha tumieni muda mara mbili ya huo kusoma makosa. Mtaarifu mwalimu wa somo, muulize fomati ya mtihani ya mwaka huo, kwa sababu idadi na aina ya maswali hubadilishwa, na vitabu vya mitaani mara nyingi vinabaki na fomati ya zamani. Pia Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Humo utakuta swali kwa swali: wangapi walilikosa, na walikosea wapi. Ni hazina ambayo wazazi wengi hawajui ipo, na nasikitika kusema hata baadhi yetu walimu hatuisomi. Ukipata jioni moja ya kukaa na taarifa ya Hisabati ya mwaka uliopita, utaona makosa ya mwanao yameandikwa humo.

Kwako mwalimu mwenye wanafunzi 90 chumba kimoja, najua utasema hayo ya kukaa na mtoto mmoja ni ya nyumbani. Jaribu hili. Toa swali moja tu mwanzo wa kipindi, kila mmoja aandike jibu kwenye kipande cha karatasi bila jina. Yapange haraka mezani. Utakuta majibu mabaya ni ya aina mbili au tatu. Andika moja ubaoni na uulize darasa: "Aliyeandika hivi alifikiri nini?" Watoto wanapenda kazi ya upelelezi, na aliyekosea anajiona hayuko peke yake. Na kama shule itakubali, nusu saa kila siku watoto wa darasa la tano hadi la saba wagawanywe kwa kiwango wanachoweza badala ya darasa waliloandikishwa. Shirika la Pratham la India lilijenga mbinu hiyo na imefika nchi nyingi za Afrika. Haihitaji vifaa vya gharama, inahitaji walimu wakubaliane.

Wiki mbili za mwisho usimpe jambo jipya. Alale mapema, ale kabla ya kwenda shule, apitie daftari la makosa kutoka ukurasa wa kwanza. Siku ya mtihani asome kila swali mara mbili na kupiga mstari chini ya kinachoulizwa. Aanze na anayoyaweza, ayazungushie duara yaliyomshinda na kuyarudia. Kama kuna fomu ya kujibia kwa kuweka kivuli, kila baada ya maswali matano ahakikishe namba ya swali inalingana na mstari anaojaza. Nimeshuhudia mtoto hodari akiruka swali moja na kupotosha majibu yote yaliyofuata. Muda ukibaki asitoe karatasi mapema. Arudi kwenye yale mambo yaliyojaa daftari lake: sifuri ya katikati, kukopa, "kwa" na "hadi".

Yule binti wa jirani alifanya mtihani wa Septemba akiwa amejaza kurasa 38 za daftari lake. Mstari wa "imeisha" ulikuwa umepigwa kwenye 31. Hisabati alipata B. Daftari sasa analo mdogo wake, ambaye yuko darasa la tano na ameanza la kwake upande wa nyuma.

Leo jioni, kabla hujanunua kitabu kingine, mwombe mwanao karatasi yake ya mwisho iliyosahihishwa. Chagua swali moja alilokosa, mkae pamoja, umwombe akueleze alivyofikiri.